Mboga za uani: Jinsi familia za Dar zilivyolima kwa misimu bila kuwa na muda

Muulize mtoto wa Sinza au Tabata mchicha unatoka wapi, atakwambia unatoka gengeni. Hajakosea. Kila siku anaona hela inatoka na fungu linarudi kwenye mfuko. Lakini bibi yake, kama aliishi Dar miaka ya 1980, atacheka. Kwake mchicha ulikuwa unatoka hatua kumi kutoka jikoni, kati ya karo la kufulia na ukuta wa jirani, na aliyetumwa kuuchuma alikuwa mtoto wa miaka saba.

Leo ukitaja bustani ya nyumbani mjini, jibu linakuja haraka: "Nani ana muda?" Baba anatoka alfajiri kuwahi mwendokasi. Mama ana kazi, na pembeni anauza nguo mtandaoni. Watoto wanarudi jioni na begi limejaa kazi za shule. Bustani inaonekana ni mambo ya wastaafu, au ya watu wenye geti kubwa na kijana wa kumwagilia nyasi.

Historia ya jiji hili inasema kingine kabisa. Bustani ya uani ilishamiri Dar wakati ambao watu walikuwa hawana muda, hawana hela na hawana uhakika wa kesho. Walioilima walikuwa makarani, manesi, walimu, makondakta na mama wa nyumbani wenye watoto sita. Waliweza kwa sababu mbili tu: walifuata mvua badala ya kupambana nayo, na waligawa kazi vipande vidogo hadi mtoto akapata chake.

Hii ni stori yao. Majina yao hayako kwenye vitabu, ila wengi wao wako hai, na baadhi wanaishi nyumba moja na wewe.

MBOGA ZENYEWE ZILIKUWA WASAFIRI

Tuanzie mbali kidogo. Neno "bustani" lina asili ya Uajemi, na huko mwanzo lilikuwa na maana ya mahali penye harufu nzuri. Pwani neno likakaa vizuri, maana uani mwa nyumba nyingi palikuwa na mrehani, asumini na mchaichai, vitu vya kunukia na vya kutia kwenye chai.

Upande wa chakula, uani ulikuwa umekusanya mimea kutoka pande zote za dunia. Muhogo, viazi vitamu, mahindi, maboga na pilipili asili yake ni Amerika. Vilianza kuingia Afrika baada ya safari za Wareno, kuanzia karne ya 16. Mlonge ulitoka India. Kunde ni za Afrika hii hii. Kwa hiyo sahani ya kisamvu cha nazi, ambayo kila mtu wa pwani ataapa ni ya mababu, ndani yake ina safari ya kuvuka bahari.

Wakoloni nao walikuwa na bustani yao. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha Bustani ya Botaniki, ile ambayo kipande chake bado kipo jirani na Makumbusho ya Taifa. Kazi yake ilikuwa kujaribu mimea ya biashara, ione ipi itaileta faida koloni. Mchicha wa mama wa Kariakoo haukuwa kwenye hesabu hizo.

Walipokuja Waingereza, jiji likaendelea kugawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uzunguni, kule Oysterbay, viwanja vilikuwa vikubwa na vya nyasi. Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala, nyumba zilibanana. Yaani aliyekuwa na eneo la kulima hakuhitaji kulima, na aliyehitaji alibaki na uani tu.

Lakini uani wenyewe ulikuwa na akili yake. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna uwanja mdogo wenye jiko, bafu na choo. Maji yote ya nyumba yanaishia pale. Kivuli kipo, ukuta upo, macho ya mama yapo. Kwa mimea ya mboga, hiyo ni nusu ya kazi imeshafanyika.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakipendwi: mahindi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, wakati wa ukoloni na hata miaka mingi baada ya uhuru, maofisa wa mji waliona mahindi marefu ni uchafu, eti yanafuga mbu na kuficha wezi. Ndiyo maana mboga za majani zilipata nafasi. Ni fupi, hazionekani barabarani, na zinaliwa kabla mtu hajaja kuuliza.

"SIASA NI KILIMO" INAINGIA MJINI

Mwaka 1967 lilikuja Azimio la Arusha, na muda mfupi baadaye Elimu ya Kujitegemea. Shule zikatakiwa kuwa na mashamba. Mwaka 1972 likatoka Azimio la Iringa, lililobeba kauli ya "Siasa ni Kilimo". Kisha mvua zikagoma. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ukaikuta nchi ikiwa katikati ya kuhamisha watu kwenda vijijini, na bei ya mafuta duniani nayo ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973.

Serikali ikaja na kampeni ya "Kilimo cha kufa na kupona". Jina lenyewe linakwambia hali ilikuwaje. Watu wa mjini nao wakaambiwa washike jembe, na maofisi na viwanda vikahimizwa kuwa na mashamba.

Hapo ndipo mtu wa mjini alipoacha kuona aibu kulima. Kabla ya hapo, karani aliyevaa shati jeupe akionekana na jembe, mtaa mzima ungesema mambo yamemwendea kombo. Baada ya hapo, jembe likawa ni uzalendo.

Uzalendo lakini haujazi sufuria. Kilichofanya bustani ya uani iwe jambo la kila nyumba kilikuja miaka michache baadaye.

ENZI ZA FOLENI

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 ikawa vita ya Kagera. Mwaka 1979 bei ya mafuta ikapanda tena. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, maduka ya Dar yalikuwa na rafu nyeupe. Sukari foleni. Sabuni foleni. Unga foleni, na ukipata ni ule wa mahindi ya njano kutoka nje, ambao watu waliubatiza jina la "Yanga" kwa sababu ya rangi yake.

Mshahara ulikuwepo, ila thamani yake iliporomoka. Kati ya katikati ya miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1980, uwezo wa mshahara kununua vitu ulishuka kwa zaidi ya nusu. Fikiria: kazi ile ile, ofisi ile ile, lakini hela ya mwezi inaisha kabla wiki ya pili haijafika.

Kwa hiyo watu wakajiongeza. Walimu wa Chuo Kikuu pale Mlimani wakafuga kuku. Kwenye nyumba za serikali Oysterbay, ile Uzunguni ya zamani, bustani za maua zikageuka migomba na mabanda ya ng'ombe. Na Uswahilini, kwenye uani na kwenye vipande vilivyokaa wazi kando ya nyumba, mboga zikaota kila palipoweza kuota.

Mwaka 1983 ukawa na kituko chake. Ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi mjini wakawa wanakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Wakati huo huo, waliokuwa na kazi na vitambulisho vyao mfukoni nao walikuwa wanalima, tena mjini hapo hapo, wakishatoka kazini.

Sasa swali: waliupata wapi muda?

Jibu la kwanza ni saa za kazi. Ofisi nyingi za serikali zilikuwa zinafanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana. Ukitoa saa za kusubiri basi la UDA, ambazo zilikuwa si mchezo, mtu aliweza kufika nyumbani jua likiwa bado lipo. Hiyo saa moja kabla ya magharibi ndiyo iliyolisha nyumba nyingi.

Jibu la pili ni kwamba hawakulima sana. Kitu cha kulima kila siku kilikuwa hakuna. Walichagua mimea isiyodai, wakaipanda mvua ikiwa njiani, wakaiacha mvua ifanye kazi. Huyu nesi wa zamu ya usiku pale Muhimbili hakuwa na muda wa kubeba ndoo ishirini kila jioni. Alikuwa na muda wa kurusha mbegu mara moja, na kuchuma mara tatu kwa wiki.

KALENDA ILIKUWA MVUA

Pwani ina misimu miwili ya mvua. Vuli ni mvua nyepesi, kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 12. Masika ni mvua kubwa, kuanzia mwezi wa 3 hadi wa 5. Katikati kuna joto kali la mwezi wa 1 na wa 2, na baada ya masika kunakuja ubaridi kiasi, mwezi wa 6 hadi wa 8, pamoja na upepo wa kusi.

Wazee wa mjini waliijua hiyo kama wanavyojua siku ya mshahara. Na kila msimu ulikuwa na mimea yake.

Vuli ilikuwa ya mambo ya haraka. Mchicha unachumwa ndani ya wiki tatu au nne tangu kupandwa. Majani ya kunde nayo ni hivyo hivyo, na ukiacha mashina kadhaa yakomae unapata na kunde zenyewe. Vuli ni fupi na haiaminiki, kwa hiyo hakuna aliyeweka matumaini yake kwenye kitu cha miezi mitano. Mvua ikikatika, umeshakula.

Masika ilikuwa ya mambo mazito. Maboga yalipandwa kwa sababu majani yake ni mboga kabla hata boga halijaonekana. Bamia ziliingia, zinaanza kuzaa kama miezi miwili baadaye, halafu zinazaa mfululizo mradi uzichume. Matembele yalipandwa kwa marando, yaani vipande vya mmea vilivyokatwa kwa jirani. Hakuna mbegu ya kununua, unaomba tu. Marando yakishika, unachuma majani miezi na miezi.

Baada ya masika, ardhi ikiwa bado ina unyevu na jua limepoa, ndipo nyanya zilipopata nafasi. Nyanya ya katikati ya masika inaoza na kupata madoa, mtu yeyote wa pwani aliyejaribu anajua. Ya mwezi wa 6 na wa 7 inahitaji maji kidogo kidogo, lakini inanyooka.

Na kwa yale majoto ya mwezi wa 1 na wa 2, ambapo hakuna kinachoota kirahisi, kulikuwa na akiba: miti. Mlonge kwenye kona. Kisamvu kwenye mpaka, hata kile cha mpira ambacho kinakuwa mti mkubwa kabisa. Hivi havipandwi kila mwaka. Unachomeka kipande cha tawi wakati wa mvua, halafu unasahau. Miaka inapita, mboga ipo. (Angalizo la wazee likae: kisamvu kina sumu kikiwa kibichi. Kinatwangwa na kuchemshwa sana, hakionjwi.)

Ukiangalia vizuri, hiyo ndiyo siri. Nyumba moja ilikuwa na mmea wa wiki tatu, mmea wa miezi miwili, mmea wa miezi mingi na mti wa miaka. Wiki ambayo mama alizidiwa na kazi, na mchicha ukakauka, matembele yalikuwepo. Matembele yakiisha, mlonge upo. Hakuna siku ambayo bustani nzima ilimsubiri yeye.

MTOTO NA KIDUMU

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anakijua kidumu. Lita tano, cha mafuta ya kula, unakwenda nacho shule asubuhi kikiwa na maji, mkono mwingine fagio. Kile kidumu kilimwagilia bustani ya shule, na kilitokana moja kwa moja na yale mawazo ya Elimu ya Kujitegemea.

Wazo lilikuwa zuri: mtoto ajifunze kuwa kazi ya mikono haina aibu. Tatizo ni kilichotokea baadaye. Kwenye shule nyingi, shamba likawa ndio adhabu. Umechelewa? Kapalilie. Umepiga kelele? Kalime matuta matatu. Mtoto akikua anakumbuka nini? Anakumbuka kuwa jembe ni kitu cha kukomolewa nacho. Vizazi kadhaa vimetoka hapo vikiamini kulima ni malipo ya aliyekosea.

Uani mambo yalikuwa tofauti kwa sababu moja rahisi: mtoto alikula alichokipanda. Kunde aliyoifukia kwa kidole chake Jumamosi, siku chache baadaye imetoa kichwa. Anaita ndugu zake waje waone. Wiki ya nne iko kwenye ugali, na mama anasema mbele ya watu, "Leo mboga ni ya fulani." Hakuna mwalimu aliyeweza kushindana na hiyo sentensi.

Kazi nazo ziligawanywa kwa umri, bila mtu kuandika popote. Mdogo kabisa alifukuza kuku, na hiyo haikuwa kazi ndogo, maana kuku wa jirani ndiye aliyekuwa adui namba moja wa mchicha. Wa miaka sita au saba alichoma mashimo ya kidole na kuweka mbegu za kunde, mbili mbili. Wa miaka tisa alibeba maji ya suuzo la mwisho, yale yasiyo na sabuni nyingi, akamwagia bamia. Mkubwa alilima tuta na kuchanganya samadi iliyokwishaoza. Majivu ya jikoni alinyunyiza yeyote aliyeona wadudu kwenye majani.

Mama ndiye aliyekuwa na ramani yote kichwani. Hapa lazima isemwe wazi: kwenye picha rasmi za "Siasa ni Kilimo" wanaume wengi wanaonekana na majembe, lakini bustani ya uani ilikuwa mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliotunza mbegu kwenye kitambaa kilichofungwa fundo. Wao ndio waliojua jirani yupi ana marando mazuri. Na ziada ilipopatikana, mafungu mawili matatu yaliwekwa barazani kwenye ungo, ikapatikana hela ya daftari. Si ajabu kwamba genge la leo, lile la jirani na kwako, linaendeshwa na mwanamke.

HAIKUWA RAHISI HIVYO

Stori za zamani zina tabia ya kunoga kupita kiasi, kwa hiyo yasemwe na mengine. Mboga ziliibwa usiku. Majirani waligombana kwa sababu ya mbuzi. Maji ya bomba yalikatika siku nyingi. Kuna nyumba ambazo hazikuwa na uani, na wapangaji wa chumba kimoja ambao mwenye nyumba hakuwaruhusu hata kuweka kopo la pilipili.

Na kuna waliolima mabondeni, hasa bonde la Msimbazi, kwa sababu huko maji yapo mwaka mzima. Mchicha wa bondeni umelisha Dar kwa miaka mingi, na bado unailisha. Lakini mto huo huo umekuwa ukipokea maji machafu ya viwanda na ya makazi, na watafiti wamekuwa wakionya kuhusu madini yenye sumu kwenye udongo na mboga za eneo hilo. Mkulima wa bondeni si mkosaji. Alikwenda palipokuwa na maji, na uchafu aliukuta au ukamkuta.

Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mjini. Zilikubali kuwa mtu anaweza kulima mjini, ila asizidishe ekari 3. Ni jambo la kufurahisha ukifikiria: miaka yote watu wamekula mboga za uani kimya kimya, halafu ndiyo karatasi inakuja kusema inaruhusiwa.

Karatasi ilipokuja, uani wenyewe ulikuwa umeanza kupotea. Baada ya mwaka 1986 uchumi ulifunguliwa, bidhaa zikarudi, biashara zikaota kila kona. Ile nafasi ya matembele ikawa na faida zaidi ikijengwa vyumba viwili vya kupangisha au fremu ya duka. Hakuna wa kumlaumu. Familia ilifanya hesabu ile ile iliyofanya mwaka 1982, safari hii jibu likatoka tofauti. Kilichoondoka pamoja na udongo ni yale maarifa: nani anapanda nini, mwezi gani, na mtoto wa umri gani anafanya kazi ipi.

GUNIA LA KIBERA

Wakati Dar inajenga juu ya uani, Nairobi ilitoa jibu la swali la nafasi. Baada ya ghasia za uchaguzi za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, chakula kilipanda bei vibaya na watu wengi wa Kibera walibaki hawana kitu. Shirika la misaada kutoka Ufaransa likasaidia familia kulima ndani ya magunia.

Utaratibu ni mwepesi. Gunia linajazwa udongo na samadi, katikati linawekwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini. Pembeni unatoboa matundu, kila tundu mche mmoja wa sukuma wiki au spinachi. Juu unaweka vitunguu. Gunia moja linakaa mlangoni, halichukui nafasi kuliko kiti cha plastiki, na linachumwa kwa miezi mingi.

Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu nyumbani, serikali ya Kenya ikazindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni. Ukiweka pamoja 1974, 1982, 2008 na 2020, unaona kitu kimoja kinajirudia: kila mji unapotikisika, watu wanakumbuka bustani. Shida ikipita, wanaisahau. Halafu shida inayofuata inawakuta wanaanza upya, hawana mbegu, hawajui mwezi wa kupanda.

ULE MFUMO UNAFANYA KAZI HATA LEO

Familia yenye kibaraza, ngazi au mita mbili za udongo inaweza kuchukua mpangilio wa wazee kama ulivyo. Kwa pwani ungekuwa hivi:

Mwezi wa 10, vuli ikinusa: mchicha na kunde, kwenye beseni lililotoboka au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Mbegu za mchicha ni ndogo kama punje za mchanga, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla mtoto hajarusha, la sivyo zote zinaangukia sehemu moja. Chuma kwa kukata juu ya shina, utachipua tena.

Mwezi wa 3, masika inaanza: bamia na matembele. Bamia loweka usiku kucha, asubuhi panda. Zikianza kuzaa, chuma kila baada ya siku mbili, hiyo ni kazi ya mtoto. Marando ya matembele omba kwa mtu, yenye urefu wa futi moja hivi, fukia nusu.

Mwezi wa 5 au wa 6, mvua ikipungua: miche miwili au mitatu ya nyanya. Isizidi. Familia yenye shughuli nyingi inashindwa kwa sababu inaanza na miche ishirini.

Mvua yoyote itakayokuja: chomeka mlonge mmoja kama una udongo wa kudumu. Kama huna, mchaichai kwenye ndoo. Huo ni wa mwezi wa 1, wakati vingine vyote vimechoka.

Muda unaotakiwa? Jumamosi moja ya kupanda kila msimu, na dakika kumi za jioni. Kama unaishi karibu na gereji, kiwanda au mtaro mchafu, tumia udongo wa kuletwa na maji ya bomba, usilime chini.

Na kila mtoto apewe cha kwake. Kopo lenye jina lake. Likikauka, lisigeuzwe adhabu, kwani hiyo ilishajaribiwa kwenye mashamba ya shule na matokeo yake yanajulikana. Msimu mwingine unakuja, atarusha tena.

Lakini kabla ya kununua hata mbegu moja, kuna kazi inayotakiwa kufanyika mapema zaidi. Wale waliolima enzi za foleni sasa wana miaka 65, 70, 80. Maarifa yao hayakuandikwa kwenye daftari, yamekaa kichwani na kwenye vidole. Bibi akienda, anakwenda na jibu la kwa nini mchicha wake haukuwahi kuliwa na wadudu.

Piga simu nyumbani wikiendi hii. Muulize swali moja tu: "Bibi, enzi zile za foleni, uani kwenu mlipanda nini?" Halafu weka simu sauti ya juu, watoto nao wasikie.